Ukuta mtupu juu ya kochi, elfu tatu mkononi, na mwenye nyumba hataki misumari

Swali kwanza, nimelifupisha kidogo: "Kaka, nimehamia nyumba ya chumba kimoja cha kulala huku Roysambu. Ukuta wa sebule juu ya kochi uko mtupu kabisa, na kochi lenyewe ni la futi saba. Niko na elfu tatu tu. Mwenye nyumba amekataza misumari. Nilibandika picha ndogo ndogo na tepu ya pande mbili, wiki haikuisha zikawa zote ziko chini na rangi ya ukuta zimetoka nayo. Naona watu wakitengeneza zile picha nyeupe za kupaka zege kwa mistari, hizo zitanifaa? Ama nitumie leso? Niko na doti ya buluu na nyeupe nilipewa na shangazi, sijawahi kuifunga, imeandikwa WEMA HAUOZI."

Dadangu asante, na nimefurahi sana umeuliza kabla hujatumia hiyo pesa, manake watu wengi elfu tatu inaisha kwa vitu vidogo vidogo vya mia mbili mia tatu alafu ukuta unabaki vile vile. Jibu langu ni leso. Ukuta mkubwa unataka kitu kimoja kikubwa kilichotengenezwa sawasawa, na wewe tayari unacho kabatini, kilichobaki ni kukiwamba kwa fremu. Nitakueleza yote mpaka mwisho, lakini wacha nianze na ile tepu ndio usirudie.

Pitisha kiganja kwa ukuta wako, ukikandamiza kidogo. Kama kimetoka na unga mweupe, hapo hakuna tepu wala gundi ya kubandika itakaa, hata ile ya bei. Rangi ya maji ya bei ya chini inayopakwa ploti nyingi iko na unga mwingi na gundi kidogo, so tepu haishiki ukuta, inashika ule unga, na uzito ukivuta unga unaachilia. Kwa ukuta wa nje unaopata unyevu masika ya Machi mpaka Mei ni mbaya zaidi. Kwa hivyo tepu tusahau, isipokuwa kwa karatasi nyepesi kabisa kwa mlango wa kabati.

Sasa kipimo. Kitu cha juu ya kochi kinapendeza kikichukua kama theluthi mbili za urefu wa kochi. Futi saba ni sentimita 213, theluthi mbili yake ni 142. Leso nyingi zinakaribia sentimita 150 kwa 110, na ukitoa ya kukunja inabaki 140 kwa 100. Unaona vile imekuja yenyewe? Ndio maana nakuambia hiyo leso ni ya huo ukuta.

Lakini usichukue kipimo changu, pima yako, na uipime baada ya kuifua. Leso mpya iko na wanga wa kiwandani na pamba hurudi kidogo ikionja maji. Ifue peke yake kwa maji baridi, rangi itatoka kiasi, ianike kivulini, upige pasi ikiwa bado na unyevu. Kama ile doti haijakatwa, ikate katikati, moja ya kuwamba na ya pili uiweke mahali pakavu. Miaka ikipita na rangi ipauke utakuwa na nyingine ya jina lile lile, yaani yale maneno yaliyoandikwa.

Fremu. Nenda yadi ya mbao, si lazima Gikomba, hata hapo karibu zipo, uliza bei mahali kama patatu maana mbao inauzwa kwa futi na kila mtu na bei yake. Itisha saiprasi ya inchi mbili kwa moja iliyorandwa, vipande viwili vya futi 10. Kabla ulipe, inua kila kipande mpaka usawa wa jicho, funga jicho moja, uangalie kutoka ncha hadi ncha kama umeelekeza bunduki, ukiona imepinda ama imejisokota rudisha, usikubali kuambiwa itanyooka ukipigilia. Haitanyooka, itapinda na leso yako. Watu wengine hutumia mbao za paleti kutoka Industrial Area, ni sawa, ila soma muhuri uliochomwa kwa mbao: HT maana yake iliuliwa wadudu kwa joto, hiyo chukua, MB ni iliyopigwa dawa ya methyl bromide, hiyo usiingize kwa nyumba.

Futi 10 ni sentimita 305. Kipande cha kwanza kata mbili za 140. Cha pili kata tatu za 90. Sio 100, kwa sababu zile fupi zinaingia katikati ya zile ndefu, na kila ndefu ikilala inachukua sentimita 5 za upana, so 5 na 90 na 5 ndio inakupa 100. Mbao ikirandwa hupungua, ukipima upana ukipata 4.5 basi zile fupi ziwe 91. Watu wa yadi wengi watakukatia hapo hapo na mashini kwa pesa kidogo, waandikie vipimo kwa karatasi.

Zipange chini kwa sakafu iliyonyooka, fupi mbili mwisho na ya tatu katikati. Ile ya katikati isukume nyuma milimita chache ndio isiguse kitambaa, la sivyo baada ya muda utaona mstari wake umejichora mbele. Paka gundi ya mbao kwa maungio, alafu kila kona, kwa nyuma, weka pembetatu ya plaiwudi ya upana wa mkono, gundi na misumari midogo. Hivyo vipande vya plaiwudi usinunue, omba kwa seremala yeyote, huwa anavitupa.

Kabla gundi ikauke pima kona kwa kona, pande zote mbili. Kwa fremu ya 140 kwa 100 kila kipimo kinafaa kuwa 172. Kama mmoja ni 173 na mwingine 171, sukuma ile kona ndefu kwa kiganja mpaka zilingane, ni kazi ya dakika moja saa hiyo, kesho gundi ikishakauka haiwezekani tena. Ikikauka pitisha msasa kwa kingo za mbele ziwe mviringo kidogo, alafu paka mbao yote mkono mmoja wa rangi nyeupe, hata ile imebaki kwa mkebe wa jirani. Watu huruka hapa. Saiprasi iko na utomvu, na utomvu unaingia kwa pamba polepole, mwaka ukiisha unaona doa la kahawia limezunguka leso nzima na halitoki.

Sasa kuwamba, na hapa nakusihi usiharakishe. Kwanza wamba shuka jeupe la zamani ama marekani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida, hiyo ni ya kuficha mbao na kuipa leso rangi yake safi, kwa sababu leso ni nyepesi na kila kitu nyuma yake huonekana. Ikishakaa, laza leso kifudifudi kwa meza safi, weka fremu juu, na ule mbao wa juu uwe upande wa juu wa leso, kagua mara mbili, leso iko na juu na chini yake.

Piga stepla ya kwanza katikati ya upande mrefu. Nenda upande wa pili unaoelekeana nayo, vuta, piga moja katikati. Fanya hivyo kwa pande fupi. Saa hizi uko na stepla nne tu na leso imeshikwa kama msalaba. Sasa geuza uangalie mbele. Angalia lile jina. WEMA HAUOZI iko karibu na chini ya mji, yaani ile sehemu ya katikati ya leso, juu kidogo ya pindo, na hapo ndipo kazi mbaya inajianika: ukivuta katikati zaidi ya kando, herufi zinapinda, W na I zinabaki juu na zile za katikati zinashuka. Funga uzi kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, sambamba na mbao wa chini, uupitishe chini ya herufi, na kila unapoongeza stepla mbili tatu geuza uangalie kama jina bado linafuata uzi. Endelea kutoka katikati kuelekea kona, upande huu moja, upande ule moja, stepla za milimita 8 ama 10 zikiachana kama sentimita 5. Usivute kwa nguvu zako zote, vuta mpaka kitambaa kisiwe na mkunjo, basi. Kona zimalizie kwa kukunja kama unafunga zawadi, mkunjo uende chini ya fremu ama juu, usiwe wa kutazama mlangoni. Na tafadhali usikate kitu chochote mbele, watu wananyofoa pindo ati ndio ikae "modan", leso bila pindo na jina inabaki kitambaa tu.

Stepla ya kubana kwa mkono azima. Ama chukua fremu yako na leso yako umpelekee fundi wa makochi hapo mtaani, kila barabara Nairobi iko na mmoja, umpe kitu kidogo. Hiyo ndiyo kazi yake kila siku. Lakini simama hapo, na ule uzi wako, mwambie jina lazima linyooke.

Kioo usiweke. Kioo cha ukubwa huo ni kizito, ni ghali, na kinarudisha mwanga wa dirisha mpaka huoni leso. Vumbi litapanguswa na brashi laini. Cha kuogopa ni jua, kama dirisha lako linapokea jua la asubuhi ama la jioni moja kwa moja na linapiga ule ukuta, weka pazia jepesi saa hizo, rangi ya leso haivumilii jua la kila siku.

Misumari imekatazwa, sawa. Fremu yako itakuwa na kilo tatu nne hivi, na kuna njia ambayo mimi naipenda sana kwa nyumba za kupanga, ni kuipa miguu. Ongeza mbao moja ya futi 11, ukate mbili za sentimita 160. Hizi zinasimama nyuma ya fremu, moja kila upande, zikiwa zimelaliana na zile mbao za 90, sentimita 60 ndani ya fremu na mita moja ikishuka mpaka sakafuni nyuma ya kochi. Kila mguu skrubu tatu za inchi moja na nusu, sio mbili, mbao mbili zikilaliana ni sentimita 5 tu na skrubu ndefu itatokea mbele kwa leso. Toboa kwanza na msumari mwembamba, kwa sababu skrubu ikipita kwa kitambaa bila tundu inakikamata na kukizungusha, na unaona mkunjo mbele umetokea bila kujua umetoka wapi. Miguu ipake rangi ya ukuta.

Isimamishe miguu ikiwa mbali na ukuta kama sentimita 8 hadi 10, juu iegemee ukuta, alafu sukuma kochi mpaka liibane. Kochi la kawaida mgongo wake uko kama sentimita 85, so fremu itaanzia 15 juu yake na katikati ya leso itakuwa mita moja na nusu kutoka chini, ambayo ndio usawa wa macho ya mtu mzima, majumba mengi ya sanaa huning'iniza karibu na hapo. Mwenye nyumba akija hana neno, ukuta haujatobolewa. Kama kuna watoto wanaopanda kochi, funga kila mguu na kamba kwa mbao ya nyuma ya kochi, hiyo usiiache.

Lakini pia ongea na mwenye nyumba. Wengi wakikataza misumari wanamaanisha misumari ya simiti inayopigwa na nyundo mpaka plasta inatoka kipande cha kiganja, na wako na haki, nyumba zetu ni mawe na plasta ngumu na hiyo misumari inaharibu kweli. Ukimwambia ni matundu mawili ya drili ya milimita 6, yenye plagi za plastiki, na siku ya kuhama utaziba na fila na kupaka, wengine hukubali. Akikubali, usitoboe kamwe moja kwa moja juu ama chini ya soketi na swichi, waya za stima hupita hapo ndani zikishuka kutoka juu.

Hizo picha nyeupe za mistari. Zinapendeza, sikatai, na zinafaa nyumba yako lakini si juu ya kochi na si kwa ukubwa huo. Kwanza ni nzito. Pili watu wanazipaka juu ya kitambaa, kitambaa kinacheza, na kitu kigumu juu ya kitambaa kinachocheza lazima kipasuke. Ukitaka kujaribu fanya ndogo, futi mbili kwa mbili, juu ya plaiwudi ama hadibodi. Usitumie simiti, chukua fila ya ukuta, vijiko vitatu kwa kimoja cha gundi nyeupe ya mbao, mpaka iwe nzito ya kupakika. Paka unene wa milimita 2 au 3 tu, na chanuo la kadi ulilokata meno uchore mistari yako kwa mwendo mmoja bila kusimama. Iache ikauke yenyewe, Julai huku Nairobi vile kuna baridi itachukua hata siku mbili tatu, ukiianika juani ndio inapasuka. Ukiisugua na msasa ziba pua na mdomo. Simamisha juu ya kabati la televisheni, haitaki msumari.

Na hadibodi usiidharau. Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam alianza mwaka 1968 na vibao vya hadibodi na rangi za mafuta za kupaka baisikeli, vitu vya dukani vya kawaida kabisa, akachora wanyama na ndege, na mpaka leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji. Kama mkono wako unachora, mkebe mdogo wa rangi ya mafuta na kibao ni mwanzo wa kutosha.

Zile picha zako ndogo zilizoanguka usitupe. Chagua tatu, sio zote, uziweke kwa korido. Ukichapisha upya, usimtumie mtu wa saiba kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na inafika imepungua, itume kama dokumenti. Ukitaka saizi ya A3 itoke kali kabisa inahitaji karibu pikseli 3,500 kwa 4,960, nusu ya hiyo bado itapendeza kwa kutazamwa ukiwa mbali. Itisha karatasi isiyong'aa. Na siri ya kufanya picha ndogo ionekane ya maana ni nafasi nyeupe kuizunguka, picha ya saizi ya nusu ya A4 katikati ya fremu ya A3 inashinda picha iliyojazwa mpaka ukingoni. Fremu za mtumba ziko Toi na Gikomba, hazitafanana, zipake zote rangi moja. Ukikosa picha zako, The Metropolitan Museum of Art ya New York tangu 2017 imeachilia picha nyingi za kazi zake za zamani bure, unapakua na kuchapisha bila kuvunja haki ya mtu, hiyo ni afadhali kuliko kuchapa kazi ya msanii wa hapa uliyoiona mtandaoni bila kumuuliza, yeye anakula kwa hiyo kazi.

Kuhusu elfu tatu yako: iende kwa mbao kwanza, halafu skrubu na gundi, halafu fundi wa makochi, na ikibaki kitu pita Kariokor ununue ungo mmoja wa kusukwa wa ukuta wa jikoni, ni mwepesi, ukiufunga na kamba kwa reli ya pazia itaubeba. Na siku uko mjini ingia Kenya National Archives hapo Moi Avenue, kwa ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, vitambaa, vinyago, mapambo ya Afrika nzima. Tembea polepole uangalie rangi gani zimekaa na gani, utarudi na mawazo ya miaka.

Kitu cha mwisho ni kuhama, najua kwa ploti za kupanga siku hiyo hufika. Toa zile skrubu sita za miguu, leso ibaki imewambwa, izungushie shuka, na kwa pikapu iingie ikiwa imesimama kando ya godoro, sio kulala. Mtu akiweka hata karai juu yake kitambaa kitalegea na itabidi utoe stepla za upande mzima uanze upya.